Mwendo wa Angani na Mwendo wa Nchi: Kutoka Songwe hata Songea

Tunapoikumbuka miaka ya jimbo letu la Njombe, lililoundwa mwaka 1968, yafaa tuzikumbuke na njia. Maana hakuna shule wala kanisa lililosimama Mawengi pasipo mtu kupanda mlima.

Na tupime mwendo wa kutoka kiwanja cha ndege cha Songwe, upande wa Mbeya, hata kile cha Songea. Mstari ulionyooka kati yao ni kilomita 320 hivi. Hupita karibu na Mlima Rungwe na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, huvuka milima ya Livingstone, kisha hupita juu ya nchi ya Ludewa, ndiyo nchi yetu. Ndege iendayo kilomita 400 kwa saa yaweza kuumaliza kwa dakika 48.

Lakini barabara haina mabawa. Huizunguka milima: huenda mashariki hata Makambako, kisha hugeuka kusini kupitia Njombe mpaka Songea, kadiri ya kilomita 490. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hutumia saa nane na zaidi. Mpagazi wa kale, kama angalikwenda kilomita 20 kila siku katika njia hiyo, angalitumia siku 25. Misheni ya Peramiho ilipoanzishwa mwaka 1898, safari zilihesabiwa kwa siku za namna hiyo.

Mambo yakageuka kidogo kidogo. Mwaka 1932 eropleni za Imperial Airways, zilizochukua barua kati ya London na Cape Town, zilianza kutua Mbeya, nao watu wa milima hii walikuwa wakienda kwa miguu bado. Mwaka 1976 reli ya TAZARA, ipitayo Makambako, ilikabidhiwa rasmi. Miaka ya 1980 lami ikaunganisha Makambako na Songea. Mwaka 2012 kiwanja cha Songwe kikafunguliwa.

Je, Songwe na Songea zimekuwa jirani? Kwa ndege ya moja kwa moja, ndiyo. Lakini msafiri apitiaye Dar es Salaam hupita angani kilomita 1,270 hivi, yaani mara nne ya mstari ule, tena hungoja ndege ya pili. Na mgonjwa wa Mawengi hasaidiwi na ndege ipitayo juu ya paa lake. Amsaidiaye ni njia ipitikayo wakati wa masika mpaka hospitalini.

Basi, walimu, mnapowafunulia watoto ramani, msiwaulize umbali tu. Waulizeni pia: Ni saa ngapi, kwa njia ipi, na kwa nani? Hapo ndipo watakapojua kazi iliyobaki.