Kaya kama Kiini cha Mpango wa Afya: Mafunzo ya Safura na Maji Kwale

Tangu serikali za kaunti nchini Kenya zianze kazi mwaka 2013, zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na huduma za afya ya msingi zimekuwa chini ya kaunti, kama Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linavyoelekeza, na kila baada ya miaka mitano kaunti hulazimika kuandaa Mpango Jumuishi wa Maendeleo, yaani waraka unaounganisha shughuli za idara zote na fedha zake. Makala hii inashikilia kwamba Kwale, kaunti ya pwani, haiwezi kupima mafanikio ya mpango huo kwa wingi wa majengo na wagonjwa waliotibiwa. Kipimo chake hakina budi kuwa hali ya kaya, kwa kuwa humo ndimo maradhi yanamozaliwa na kurudi.

Ushahidi wa hoja hiyo ulipatikana Kwale kwenyewe. Kati ya mwaka 2015 na 2017, utafiti wa TUMIKIA, ufupisho wa "Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya", ulihusisha vitengo 120 vya afya ya jamii, yaani maeneo ya vijiji yanayohudumiwa na wahudumu wanaotoka humo humo. Baadhi ya maeneo yalitumia utaratibu wa kuwapa watoto dawa shuleni mara moja kwa mwaka. Mengine yalipelekewa dawa nyumba kwa nyumba, kwa watoto na watu wazima, mara moja au mara mbili kwa mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba, katika miaka miwili, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 kwa njia ya shule, lakini yalishuka kutoka 17.9 hadi 8.0 pale kaya zilipofikiwa mara moja kwa mwaka, na kutoka 20.6 hadi 6.2 zilipofikiwa mara mbili.

Sababu yake inaeleweka. Mnyoo wa safura hukaa utumboni akifyonza damu, mayai yake hutoka na kinyesi na kuanguliwa katika udongo wenye unyevu, kisha viluwiluwi hupenya ngozi ya nyayo za mtu anayepalilia mihogo peku. Mtu mzima asiyepata dawa huendelea kuuchafua udongo ule ule anaoukanyaga mtoto aliyetibiwa shuleni, na mama mjamzito, ambaye upungufu wa damu humweka hatarini zaidi, hubaki nje ya hesabu ya dawa za shuleni.

Hata hivyo, dawa pekee haitoshi. Kichocho, ambacho kimechunguzwa Msambweni, huko huko Kwale, kwa miongo kadhaa, huponywa kwa vidonge, lakini maadamu konokono wanaokieneza wamo vidimbwini na mkojo unaingia humo, mtoto anayeoga au kuteka maji hapo ataambukizwa tena. Hapo ndipo idara ya afya inapoishia na idara ya maji inapoanzia, na mipango mingi hukatika katika mpaka huo.

Kwale iliwahi kuuvuka. Katika miaka ya 1980, pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa na kuboreshwa katika vijiji vya pwani hii, ikiundwa ili vipuri vinavyochakaa viweze kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba, pasipo kung'oa bomba zima, na wanavijiji, wanawake wakiwamo, waweze kuitengeneza wenyewe. Uendelevu ulikuwa sehemu ya muundo tangu mwanzo, jambo linalostahili kuigwa katika Diani na Ukunda, ambako miamba ya matumbawe yenye vinyweleo hupitisha kwa urahisi maji machafu ya vyoo vya shimo kuelekea visimani.

Yupo atakayesema kwamba kuzifikia kaya zote ni ghali. Hoja hiyo ina uzito, lakini watu wa kwenda nyumba kwa nyumba wapo tayari: Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inawatambua wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao posho yao huchangiwa na serikali ya taifa na kaunti. Kinachohitajika ni kaunti iwalipe kwa wakati, na daftari zao za kaya zionyeshe pamoja, kwa kila kitengo, nani amepata dawa, nyumba ipi haina choo na pampu ipi imekufa, kabla bajeti ya mwaka haijagawanywa kwa idara.