Kupima Kabla ya Kutibu: Uchunguzi wa Maradhi ya Mifugo na Farasi katika Historia ya Afrika Mashariki

Mwishoni mwa mwaka 1571 jeshi la Wareno likiongozwa na Francisco Barreto lilipiga kambi Sena, kando ya mto Zambezi, likielekea kwenye machimbo ya dhahabu ya bara. Sena ulikuwa mji wa biashara, na miongoni mwa wakazi wake walikuwemo Waislamu wa Kiswahili wenye nasaba na mapatano ya miaka mingi na miji ya pwani. Haukupita muda farasi wa jeshi wakaanza kukonda na kufa, na askari nao wakalazwa na homa. Padri Francisco Monclaro, Mjesuiti aliyefuatana na msafara huo, aliziandika habari zake. Kwa kuwa hakuna aliyejua kilichokuwa kikiwaua farasi, alitafutwa wa kulaumiwa. Ikasemwa kwamba Waislamu wa Sena wamewatilia sumu. Wakakamatwa, wakateswa, wakauawa. Farasi waliendelea kufa, na Barreto mwenyewe alifia hapohapo Sena mwaka 1573.

Bonde la Zambezi ni makao ya mbung'o, na maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba farasi wale waliuawa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Lakini ushahidi wa nagana ulichelewa kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1894 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alifika Ubombo katika nchi ya Wazulu pamoja na mkewe Mary, akatandaza vifaa vyake barazani na kuanza kutazama damu ya ng'ombe na farasi wagonjwa kwa hadubini. Humo akaona vimelea vyembamba vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Alipowachukua wanyama wazima akawashusha kwenye mbuga za mbung'o, walirudi na vimelea vilevile. Sumu haikuwapo. Tone moja la damu lingetosha kuwaokoa watu wa Sena.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu historia ya tiba ya mifugo kwetu husimuliwa kama historia ya chanjo, dawa na majosho. Kipimo hutajwa mwishoni, kama karatasi ya kukamilisha shughuli. Ukifuatilia miaka 130 iliyopita katika nchi zetu utaona kwamba kila ushindi ulitanguliwa na mtu aliyeutambua ugonjwa kwa jina lake, na kila hasara kubwa ilianzia pale ulipodhaniwa kuwa mwingine.

Utambuzi huo haukuanza na Wazungu. Wafugaji wa Kimaasai walikuwa na elimu yao ya kupasua mzoga na kukagua mapafu, wengu na nyongo, na ya kumpapasa ng'ombe chini ya sikio kutafuta tezi iliyovimba, dalili ya ugonjwa wanaouita oltikana, yaani ndigana kali. Walijua pia kwamba nyumbu wanapozaa, ng'ombe wasichungwe karibu nao, kwani watapata homa inayopofusha macho na kuua. Ilikuwa mwaka 1960 ndipo Walter Plowright na wenzake waliokuwa Muguga, nje ya Nairobi, walipovipata virusi vya homa hiyo katika nyumbu na kuthibitisha kwamba wafugaji walisema kweli. Kwangu hilo ni funzo kwa kila bwana mifugo: uchunguzi mzuri huanza kwa kumsikiliza mwenye mifugo.

Elimu ya macho na mikono ina mipaka yake, hata hivyo, na mipaka hiyo ilionekana sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipoingia. Sotoka ilishuka Massawa, pwani ya Eritrea, mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Miaka michache baadaye ilikuwa imelifikia Bonde la Ufa, na mwaka 1896 ilivuka Zambezi. Mahali pengi iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyati nao walikufa kwa makundi. Wamaasai huuita wakati ule Emutai, na Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta wamedhoofu kwa njaa.

Katika kujaza mazizi yaliyobaki matupu ndipo kosa la pili lilipotokea, na safari hii lilifanywa na bingwa. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikaa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza maradhi ya ng'ombe. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea vidogo sana, akavidhania kuwa ni hatua changa ya vimelea vya ugonjwa wa kukojoa damu, uliokuwa ukijulikana tayari Marekani. Vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 1901 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki wakasafirishwa kupitia Beira hadi Rhodesia, na huko ng'ombe wakaanza kufa. Waliohusika waliendelea kusema ni ugonjwa wa kukojoa damu, huku muda ukipotea na kupe wakisambaa. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903, akakiri kwamba ugonjwa ule ni wa aina yake. Arnold Theiler, daktari wa mifugo Mswisi aliyefanya kazi Pretoria, alivitenganisha vimelea vyake na vingine, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake, *Theileria parva*. Ndiyo ndigana kali hiyo, inayoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni.

Kipimo kilichozaliwa katika vurugu hizo bado kinatumika. Mchunguzi huishika tezi iliyovimba chini ya sikio la ng'ombe, huichoma sindano, huvuta majimaji kidogo na kuyapaka kwenye kioo. Kioo hukaushwa, hugandishwa kwa spiriti ya methanoli, kisha hutiwa rangi ya Giemsa kwa muda wa nusu saa hivi. Chini ya hadubini, ndani ya chembe nyeupe, huonekana madoa ya zambarau yaliyojikusanya katika uwanja wa buluu. Akiyaona, shaka imekwisha. Akichukua pia tone la damu kutoka mshipa wa sikio na kuliandaa vivyo hivyo, anaweza kutambua ndigana baridi, ugonjwa wa kukojoa damu, au nagana. Magonjwa haya yote humfanya ng'ombe apandwe na homa na kuacha kula, na kila moja lina dawa yake.

Kenya ilipata maabara yake ya mifugo Kabete mapema katika karne ya 20, na kutoka hapo dunia ilijifunza magonjwa ambayo hayakuwa na jina. R. E. Montgomery alieleza ugonjwa wa kondoo wa Nairobi mwaka 1917, na homa ya nguruwe ya Afrika mwaka 1921. Kondoo walipokufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1930, Daubney, Hudson na Garnham walithibitisha kwamba ni ugonjwa mpya, wakauita Homa ya Bonde la Ufa. Waliokuwa wakiushughulikia waliugua wao wenyewe, na hivyo ikajulikana kwamba unaambukiza watu.

Sotoka ilipimwa namna gani siku zile? Damu ya mgonjwa ilidungwa kwa ng'ombe wawili, mmoja aliyekuwa na kinga na mwingine asiye nayo. Yule wa pili akiugua na wa kwanza akabaki mzima, jibu limepatikana. Kilikuwa kipimo cha kuua mnyama ili kuokoa kundi. Katika miaka ya 1950 kikaja cha ute wa agari: vishimo viwili vinachimbwa, kimoja kinatiwa tishu ya mgonjwa na kingine seramu yenye kingamwili, na vikikutana mstari mweupe unajichora katikati.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo hoja yangu inaposimama. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1976 nchi za Afrika ziliendesha kampeni kubwa ya kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka. Chanjo yenyewe, iliyotengenezwa na Plowright hapo Muguga, ilikuwa bora kabisa. Ugonjwa ukapungua hadi watu wakaamini umekwisha, na juhudi zikalegea bila kuchunguza kwa dhati ulikojificha. Ulikuwa umebaki katika mifuko michache magharibi na mashariki mwa bara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukarudi kwa kishindo, Tanzania ikiwemo.

Kampeni iliyofuata, iliyoanza mwaka 1986, iliendeshwa tofauti. Maabara za Afrika zilipewa kipimo cha ELISA kinachosoma kingamwili katika seramu nyingi kwa siku moja. Kukawa na tatizo, kwani mnyama aliyechanjwa na aliyepona sotoka wote wana kingamwili. Dawa ya tatizo ilihitaji ujasiri: nchi ziache kuchanja, kisha zipime ndama waliozaliwa baadaye. Ndama mwenye kingamwili amekutana na virusi. Nyati walifaa zaidi, kwa sababu hawajawahi kuchanjwa. Umri wa nyati hukadiriwa kwa meno, na damu yake hueleza kama sotoka ilipita alipokuwa hai. Sotoka ilipozuka Tsavo mwaka 1994 ikiua nyati na tandala wadogo, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ni aina ambayo haikuwa imeonekana tangu miaka ya 1960. Ilikuwa ikiishi kimya katika ng'ombe, ikiwapa homa nyepesi tu. Jicho lisingeigundua. Kisa cha mwisho duniani kilithibitishwa kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Miaka kumi ya kupima damu na kutopata kitu ikafuata, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa.

Farasi nao wana sotoka yao, kwa namna ya kusema: ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na kujaza maji mapafuni. Pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili yoyote. Mwaka 1987 pundamilia kutoka Namibia waliuingiza Uhispania. Mwaka 2020 ulizuka Thailand, na zaidi ya farasi 500 wakafa. Kipimo cha vinasaba huukamata kwa damu kidogo tu, ikiwa mnyama amepimwa kabla ya kupandishwa chomboni.

Yote haya yametokea, na bado wafugaji wetu wengi huenda duka la dawa wakiwa na maelezo tu: ng'ombe hali, ana homa. Hupewa dawa ya kukisia. Ile ya ndigana kali ni ghali, na haimfai mwenye ndigana baridi. Siku tatu zikipita, ng'ombe amekufa na fedha zimekwenda.

Ewe mfugaji, mwite bwana mifugo achukue damu na majimaji ya tezi kabla hujanunua chupa yoyote. Mnyama akifa ghafla na kutokwa damu puani, usimpasue, kwani huenda ni kimeta. Toa taarifa upesi. Nanyi wa halmashauri na kaunti, hadubini zilizofunikwa kwa turubai katika vituo vya mifugo zinahitaji rangi, vioo na mtaalamu wa kuketi mbele yake. Tengeni fedha hizo katika bajeti ya mwaka huu.