Ankara Iliyopotea

Kabla ya vocha, mwenye simu ya mezani nchini Tanzania alizungumza kwanza, akalipa baadaye. Ankara ya TTCL ilimfikia kwa karatasi. Akiona kosa, alibishana fedha zikiwa bado mfukoni mwake. Kadi ya kukwangua iligeuza uhusiano huo. Iliwafikishia simu mamilioni ambao hakuna kampuni ingewaamini kwa mkopo, na hilo si jambo dogo. Lakini tangu hapo mteja ndiye anayeikopesha kampuni, tena bila hati.

Wanafunzi wangu husema salio "limeliwa". Mara nyingi mlaji ni huduma ya habari za michezo au mlio wa kuitikia, uliokubaliwa kwa kubonyeza tarakimu moja; au kifurushi kimekwisha na intaneti ikahamia kwenye salio la kawaida.

Mwaka 2013 Bunge lilipopitisha tozo ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini, umma ulipaza sauti na tozo ikafutwa. Ile ilikuwa na kifungu cha sheria. Tulijua wa kumkabili. Shilingi 100 zinazotoweka usiku hazina kifungu wala mbunge wa kuulizwa. Kumbukumbu za kila makato, hata hivyo, kampuni inazo. Naitaka TCRA iilazimishe kumpelekea mteja nakala kila mwezi, bila kuombwa na bila malipo.