Mahali pa Kukanyaga: Mtumishi wa Umma na Safari ya Dodoma

Semina za menejimenti ya mabadiliko zimekuwa jambo la kawaida katika utumishi wa umma nchini Tanzania, na ujumbe wake hautofautiani sana kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine: mtumishi aache mazoea, awe tayari, asiyebadilika ataachwa. Makala haya yanapinga msingi wa ujumbe huo. Unachukulia kwamba utayari wa kupokea mambo mapya ni tabia ya mtu, ambayo mkuu wa idara anaweza kuiagiza kama anavyoagiza taarifa ya robo mwaka. Hoja yangu ni kwamba utayari huzaliwa na uthabiti. Mtu hupokea jipya kwa kadiri alivyo na mahali pa kukanyaga, na mwajiri anayepaondoa mahali hapo hana haki ya kushangaa akikuta watu wameganda. Nitaipima hoja hii kwa kisa kimoja, Serikali kuhamia Dodoma.

Uamuzi wa kuhamisha makao makuu ulifanywa wakati wa TANU, mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) iliundwa mwaka huohuo. Matarajio yalikuwa kazi ikamilike katika muda wa miaka kumi hivi. Bei ya mafuta ikapanda, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978, kisha uchumi wa miaka ya themanini ukaifunga Serikali mikono. Bunge lilianza kukutania Dodoma katika miaka ya tisini na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Kuna watumishi walioajiriwa, wakapanda vyeo na kustaafu huku wakiambiwa kila mara kwamba watahama. Wakajifunza, kwa haki kabisa, kwamba tangazo la kuhama halimlazimu mtu kufanya lolote. Wakakopa na kujenga Tegeta, Mbagala na Kibamba. Wanaoutaja ujenzi huo leo kama ushahidi wa mazoea wanasahau kwamba mwaka 1995 hiyo ilikuwa hesabu sahihi.

Kisha mambo yakaenda kasi. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingehamia Dodoma ifikapo mwaka 2020. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Baadhi ya wizara zilijishikiza katika majengo ya Chuo Kikuu hadi Mji wa Serikali wa Mtumba ulipofunguliwa Aprili 2019. Jambo lililoahirishwa kwa zaidi ya miaka 40 lilitekelezwa, kwa sehemu yake kubwa, katika miaka mitatu. Kwa kipimo cha utekelezaji ni mafanikio, na sioni sababu ya kuyabeza. Lakini kuhamisha ofisi ni kazi moja, na mtu kuhama ni kazi nyingine.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kitabu cha Mmarekani William Bridges, *Transitions*, kilichotoka mwaka 1980. Kwa maelezo yake, mabadiliko ni tukio la nje, lenye tarehe na barua. Mpito hutokea ndani ya mtu, nao huanza na kuagana na kilichokwisha, kisha hupitia kipindi cha katikati ambapo la zamani limeondoka na jipya halijashika. Bridges aliupata mpangilio huu kwa Arnold van Gennep, aliyechambua mila za kuvuka rika na hadhi katika kitabu chake cha mwaka 1909. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna jipya hapo, kwani ndivyo jando na unyago vilivyokuwa vikiendeshwa kabla ya profesa yeyote kuviandika. Ila kuna kipengele kimoja ambacho semina zetu zimekiacha njiani. Mwali hapelekwi kwenye kipindi cha katikati peke yake. Ana kungwi wake, mtu aliyekwishapita, anayejua kinachoumiza na kitakachokwisha. Ofisi zetu humpa mtumishi barua ya uhamisho na lori la mizigo.

Ushahidi wa kitaaluma kwamba uthabiti huzaa utayari una chimbuko karibu nasi. Katikati ya miaka ya hamsini mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia watoto wachanga na mama zao katika vijiji vya Waganda, karibu na Kampala, akachapisha matokeo mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto aliyemwamini mama yake hakumng'ang'ania. Alimtumia kama kituo: alitambaa mbali kuchunguza vitu, akageuka kuhakikisha mama yupo, akaendelea. Asiye na uhakika huo ndiye aliyeshikilia. Mtu mzima si mtoto, na sipendi tabia ya kuwatazama watumishi kama watoto wa Serikali. Hata hivyo, daktari wa akili John Bowlby, mwasisi wa nadharia hiyo, na waliomfuata waliendelea kudai kwamba haja ya kituo cha kurejea haikomi utotoni, na kisa cha Dodoma kinawaunga mkono.

Tazama kilichohama na kisichohama. Mshahara ulihama, cheo kilihama, na SACCOS ya wizara ingeweza kuwafuata wanachama wake. Kikoba cha mtaani hakikuhama. Mke mwenye duka Kariakoo, au mume aliyeajiriwa na kampuni binafsi, hakuwa na barua ya kuhama. Jumuiya ya kanisani, safu ya msikitini, majirani wa kuwaachia watoto: vyote vilibaki. Sheria inatambua posho ya usumbufu, ambayo ni haki, lakini posho hulipwa kana kwamba usumbufu unaisha lori linapopakua. Bridges hatusaidii sana hapa, kwani alimlenga zaidi mtu mmoja mmoja, na mtumishi wetu hajawahi kuhama kama mtu mmoja.

Pingamizi kubwa ni kwamba hoja hii inawapa wazembe kichaka cha kujificha. Lina uzito. Wapo walioita mizizi kile ambacho kwa kweli kilikuwa maslahi ya kukaa karibu na miradi yao, na hakuna Serikali inayoweza kungoja kila familia iridhike. Ila pingamizi hili linamhusu mtumishi mmoja mmoja, nalo halijibu kwa nini watu wenye bidii ileile walitulia haraka katika idara moja na kuyumba katika nyingine. Tofauti hiyo haielezeki kwa bidii. Inabidi tuangalie nani aliambiwa mapema, nani alihamishwa pamoja na mwenza wake aliye mtumishi wa umma, na nani alipokelewa na mwenzake aliyetangulia.

Treni ya SGR nayo imeleta utata wa kuvutia. Tangu ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024, mwendo ambao kwa basi huchukua takribani siku nzima ya kazi umepungua kwa nusu au zaidi. Wapo watakaosema kwamba inawazuia watu kuagana na Dar es Salaam, na kwa mantiki ya Bridges wangekuwa sahihi. Naona kinyume. Anayejua kwamba Ijumaa jioni anaweza kufika kwa watoto wake ana nafasi kichwani, Jumatatu hadi Alhamisi, ya kujifunza mji na kununua kiwanja Nala au Ihumwa. Kwake treni ni sehemu ya ardhi anayokanyaga.

Mabadiliko mengine hayakungoja uhamisho huo utulie. Mfumo wa PEPMIS umechukua nafasi ya OPRAS katika kupima utendaji, na mafaili ya karatasi yanahamia kwenye kompyuta. Kila moja linakuja na semina yake.

Umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, kwa hiyo waliohamia Dodoma wakiwa na miaka 50 na kitu wanaondoka kazini sasa. Wanajua kilichowashikilia na kilichowayumbisha. Nawaomba watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho majengo yake yalizihifadhi baadhi ya wizara hizo, wawahoji kabla hawajatawanyika mikoani.