Msanifu wa miundombinu: mafunzo na ajira kwa vijana wa Maganzo na ukanda wa Shinyanga–Geita

Msanifu wa miundombinu ni mhandisi ujenzi anayepanga barabara, madaraja, mabomba ya maji, mabwawa na reli kabla mkandarasi hajaleta mtambo wa kwanza. Ndiye anayeamua tuta liwe na kimo gani, kalvati ipitishe maji kiasi gani na lami ilale juu ya tabaka zipi. Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu ulio kwenye barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, umezungukwa na kazi za namna hiyo. Jirani upo mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa mjiolojia Mkanada John Williamson mwaka 1940. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, yenye kilomita 341, inakatiza mkoa wa Shinyanga. Maji ya Ziwa Victoria husukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi mlimani, kisha hushuka kwa mserereko kuelekea Shinyanga na Kahama. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kuwaondolea wasafiri wa Mwanza na Geita adha ya kusubiri kivuko.

Kazi ziko karibu, lakini vyuo viko mbali. Anayetaka shahada husoma tahasusi yenye Fizikia na Hisabati za juu, kwa kawaida PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kisha hukaa chuoni miaka 4. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu 1973; vipo pia Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Vyote hivi vina makao makuu nje ya Kanda ya Ziwa, na kwa familia inayoishi kwa jembe au kwa chekeche la almasi, kodi ya chumba na nauli huumiza kuliko ada yenyewe. Ndiyo maana fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hujazwa kwa makini kama mtihani.

Njia ya pili huanzia kidato cha nne: stashahada ya uhandisi ujenzi ya miaka 3, kwa mfano Chuo cha Ufundi Arusha au DIT, au fani ya maji katika Chuo cha Maji, Dar es Salaam. Mhitimu mwenye wastani wa kuanzia 3.0 anaweza kuomba shahada baadaye. Wazazi wengi huiona njia hii kama ya walioshindwa, na hapo wanakosea. Fundi sanifu aliyefika chuo kikuu akiwa ameshachimba mashimo ya udongo na kubeba mashine ya upimaji huielewa ramani haraka kuliko aliyetoka moja kwa moja darasani.

Na udongo wa Usukuma unamtaka mtu anayeuelewa. Wakulima wameugawa tangu zamani: luseni wa kichanga juu, itogolo mgumu katikati, mbuga nyeusi bondeni. Huo mweusi huvimba masika na kupasuka nyufa kiangazi, na barabara iliyojengwa juu yake bila hadhari hupinda na kuchanika kandokando. Kazi ya msanifu huanzia shimoni. Sampuli hukaushwa, huchekechwa, huchanganywa na maji, kisha hupakwa kwenye kikombe cha shaba na kuchorwa mfereji katikati. Kikombe hugongwagongwa; kiasi cha maji kinachofanya mfereji ujifunge kwa mapigo 25 ndicho kipimo cha ukomo wa udongo kuwa kama uji. Sampuli nyingine hushindiliwa, hulowekwa siku 4, kisha hupimwa nguvu. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 huigawa misingi ya barabara katika madaraja S3, S7 na S15 kwa kufuata nguvu hiyo. Kosa la hapa halifutwi na programu yoyote ya kompyuta, hata Civil 3D.

Shahada peke yake haimpi mtu haki ya kujiita mhandisi. Chini ya sheria ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi humwandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu, naye hufanya kazi angalau miaka 3 chini ya msimamizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa mafunzo kwa vitendo, unaojulikana kama SEAP, ulianzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya kipindi hicho. Hapa ndipo vijana wengi wa usanifu hupotelea. Ofisi nyingi za wahandisi washauri ziko Dar es Salaam, na anayebaki mkoani huishia kuhesabu malori ya moramu. Miaka 3 ya kuhesabu malori huzaa msimamizi mzuri wa ujenzi, haizai msanifu. Mhitimu na aulize mapema, kabla ya kusaini: nani atakagua mahesabu yangu?

Waajiri wa karibu ni TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa barabara za wilaya, RUWASA kwa maji vijijini, na mamlaka za maji kama KASHWASA na SHUWASA. Migodi ya Geita na Bulyanhulu huhitaji wahandisi ujenzi, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini huwapa raia kipaumbele. Ila mgodi una mwisho: Buzwagi, Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021.

Tawi linalostahili vijana wengi zaidi ni mabwawa ya tope la migodi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la Mwadui ulibomoka, tope likafunika makazi na mashamba ya vijiji vya jirani. Karibu miaka 4 kabla, bwawa la Brumadinho nchini Brazili lilikuwa limeua watu 270, na kutokana na msiba huo ukatoka mwongozo wa kimataifa wa Agosti 2020 unaotaka kila bwawa liwe na mhandisi anayewajibika kwa usanifu na usalama wake hadi baada ya mgodi kufungwa. Kazi hiyo hudai elimu ya miamba na udongo, kwa kawaida shahada ya uzamili, na uvumilivu wa kusoma vipimo vya shinikizo la maji ndani ya kingo mwaka hadi mwaka. Anayelala chini ya ukuta huo ana haki ya kuona miongoni mwa wanaoulinda yumo mtoto wa Kishapu.