Gemu Zisizofutwa: Kibanda, Sebule na Bao

Mwenye kibanda cha gemu hapa Kambi Muru, Nairobi, huchagua gemu kwa hesabu ya duka. Isiyoleta sarafu haikai kwenye mashine yake, hata kama imesifiwa dunia nzima. Ndiyo maana ukizunguka vibanda vya PlayStation (PS), kuanzia huku Kibera hadi Kawangware, unakuta orodha fupi inayofanana: gemu ya mpira, Tekken, Mortal Kombat, na Grand Theft Auto: San Andreas kwa wanaolipia muda. PS2 ilikuja, ikafuata PS3, kisha PS4. Orodha imesogea kidogo tu.

Kwingineko orodha ya namna hiyo hutungwa na mtu mmoja akiwa sebuleni kwake. Ana kompyuta, simu na mashine mbili tatu za kuchezea, naye hujiuliza ni gemu zipi azipe nafasi katika kila moja. Nataka kuzilinganisha jadi hizo mbili, ya sebule na ya kibanda, kisha nizipime kwa jadi ya tatu iliyozitangulia zote: bao. Ninachodai ni kwamba gemu hustahili kubaki kulingana na wingi wa watu wanaoweza kuketi na kuicheza bila kuelezwa. Uzuri wa picha na urefu wa hadithi hufuata nyuma, na wakati mwingine hukwaza.

Sebuleni, mkongwe ni Tetris. Alexey Pajitnov aliiunda mjini Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, kompyuta iliyoonyesha maandishi tu, kwa hiyo vipande vya kwanza vilichorwa kwa mabano. Gemu isiyodai picha haina mashine ya kuikataa. Kufikia 1989 ilikuwa ikiuzwa pamoja na mashine ya mkononi ya Game Boy. Doom ya mwaka 1993 ilifika mbali kwa njia nyingine. Kampuni ya id Software ilitoa msimbo wake hadharani mwaka 1997, na tangu hapo mafundi wameihamishia kwenye kila kitu chenye skrini. Mwaka 2022 ilionyeshwa ikichezwa kwenye skrini ya trekta la John Deere. Nairobi, ambako wengi wetu hatukuwahi kushika Game Boy, nafasi hiyo ilichukuliwa na nyoka wa Nokia, aliyeanza na simu ya 6110 mwaka 1997 na ambaye hakuhitaji kuwekwa na mtu. Ulinunua simu, ukamkuta ndani.

Sifa ya jadi hii ni kuhamishika, na upungufu wake ni upweke. Doom ikiingia kwenye trekta, anayepigiwa makofi ni fundi aliyeiingiza. Anayeicheza ni mmoja, na baada ya dakika tano hata yeye amechoka.

Kibanda hakina nafasi ya upweke. Kina televisheni, mashine, pedi mbili na benchi, na umeme wenyewe ni wa kulipia. Mechi moja inalipiwa kwa sarafu, na kwa kawaida mshinde humwachia pedi anayefuata. Utaratibu huo unaichuja gemu kabla ya mhakiki yeyote kuifikia. Lazima iishe kwa dakika chache, itoe mshindi asiyebishaniwa, na ieleweke kwa walio kwenye benchi, maana wao ndio wateja wa zamu inayofuata.

Mpira unapita mtihani huo bila jasho. Mtaa umejaa mashabiki wa Arsenal na Manchester United, na hakuna anayehitaji kufundishwa kuotea ni nini. Tekken 3, iliyofika kwenye PlayStation mwaka 1998, inapita kwa ujanja zaidi. Mle ndani yumo Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa capoeira. Mgeni asiyejua lolote akimchagua Eddy na kubonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, anaweza kumwangusha mtu aliyecheza miaka. Wazoefu humchukia Eddy kwa sababu hiyo. Mimi naona ndiye aliyeifanya gemu hiyo idumu: kwenye foleni ambako kila sarafu imetafutwa, hata anayeingia mara ya kwanza ana tumaini.

San Andreas inaonekana kuivunja kanuni. Ilitoka mwaka 2004 ikiwa na hadithi ya saa nyingi, inayotaka mchezaji mmoja na memori kadi ya kuhifadhia alipofika. Vibandani hadithi hiyo iliwekwa kando. Watoto walinakili misimbo ya siri kwenye karatasi za daftari, wakaita kifaru cha kijeshi au mkoba wa kurukia angani, wakakimbizana na polisi hadi muda ukaisha. Marafiki waliwatazama na kudai zamu kila CJ, mhusika mkuu, alipouawa. Gemu ya sebuleni ilikatwa vipande vya nusu saa ikawa ya benchi.

Nairobi haiko peke yake katika jadi hii. Kule Lahore, Pakistan, wachezaji wa Tekken walikulia kwenye kumbi za kulipia, bega kwa bega. Mwaka 2019 mmoja wao, Arslan Ash, alishinda mashindano ya Evo Japan na kisha Evo ya Las Vegas, akiwapita Wakorea na Wajapani waliodhaniwa hawana mpinzani. Kenya nayo imemtoa Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya kulipwa kwa Tekken mwaka 2018. Brazil walifuata njia yao. Badala ya kuhamia mashine mpya, walibaki na PS2 na kuibadilisha gemu yenyewe: Bomba Patch, iliyojengwa juu ya gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, imekuwa ikiingiza klabu na wachezaji wapya mwaka baada ya mwaka. Sisi tunahama na mashine tukishika gemu zilezile, wao wameshika mashine na kuisasisha gemu. Nia ni moja: waliozoea kucheza pamoja wasitawanywe na mabadiliko ya kiwandani.

Sasa tulete bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo huanza na kete 20 ubaoni, na kila mchezaji akiwa na 22 mkononi za kunamua. Zikiisha, huingia mtaji. Hapa Kibera utasikia zaidi habari za ajua ya Waluo, yenye mistari miwili ya mashimo manane, na utaona drafti ikichezwa kwa vifuniko vya soda juu ya kadibodi iliyochorwa. Kwa kuhamishika, hata Doom haioni ndani. Bao hukaa kwenye mbao na hukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini, kwa komwe au kwa kokoto, bila tokeni za stima. Kwa watazamaji pia limekamilika, maana kejeli za wanaotazama ni nusu ya mchezo.

Lakini bao linanilazimisha nirekebishe dai langu. Bao halina Eddy. Mgeni akikaa mbele ya fundi wa Zanzibar atafungwa leo, kesho na mwakani. Kama wingi wa wanaoweza kuketi bila kuelezwa ungekuwa kipimo pekee, bao lingekufa zamani. Lililoliokoa ni bao la kujifunza, ambalo huanza na kete mbili katika kila shimo, hatua ya kunamua ikiwa imeondolewa. Mtoto huingilia hapo, kisha hupanda. Basi gemu ya kudumu ni ile yenye mlango wa mgeni, na milango ni ya aina mbili: bahati inayompa ushindi wa leo, au ngazi inayomfikisha kwenye ushindi wa baadaye. Tekken 3 ilitoa ya kwanza, bao likatoa ya pili.

Siku hizi ufunguo wa mlango huo uko mikononi mwa kampuni. Septemba 2023, kampuni ya EA ilipoacha jina la FIFA kwenye gemu zake za mpira na kutoa EA Sports FC 24, iliziondoa FIFA zilizotangulia kwenye maduka ya mtandaoni. Konami iligeuza gemu yake ya mpira, PES, kuwa eFootball mwaka 2021, ya bure, lakini inayotegemea seva za kampuni na bando lako. Wakati huohuo diski ya FIFA 14, ya mwisho kwa PS2, bado inacheza popote ambapo lenzi ya mashine haijachoka. Kusema kweli, vibanda vingi viliishi kwa nakala zisizo halali kwenye mashine zilizofunguliwa, na walioziunda gemu hizo hawakupata senti. Hasara hiyo ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba nakala hizo ndizo zilizowafundisha kucheza watu ambao wauzaji halali hawakuwahi kuwatafuta.

Kwa hiyo nikiulizwa niweke nini kwenye kila mashine, najibu kwa vipimo vitatu: iwe na mlango wa mgeni, iishe kabla ya foleni kununa, na icheze mtandao ukiwa umekatika. Tekken 3 inapita vyote vitatu, na gemu yoyote ya mpira ya zamani vilevile. Drafti kwenye simu inapita ikiwa ni ya kuchezwa na wawili juu ya skrini moja. San Andreas naibakiza kwa hisani ya watazamaji wake. eFootball ni gemu nzuri na ninaicheza, lakini simu ikijaa ndiyo ya kwanza kufutwa, kwa kuwa siku Konami wakizima seva itafutika hata nisipoigusa.