Mzabibu katika Nchi Isiyo na Theluji

Katika nchi za Ulaya, tangu zama za Warumi, mzabibu umeachiwa majira ya baridi uwe katika usingizi wake. Majani hupukutika Novemba, akiba ya chakula hubaki katika shina na mizizi, na mkulima huingia shambani kati ya Januari na Machi, mkasi mkononi, akakata matawi ya mwaka uliopita ilhali mti wenyewe hauna habari ya lolote litendwalo juu yake. Elimu yote ya kupogoa iliyoandikwa huko, pamoja na ile ya tabibu Mfaransa Jules Guyot, ambaye jina lake lingali limeshikamana na namna moja ya ukataji ifuatwayo hata leo, imejengwa juu ya usingizi huo. Basi mwenye kuupanda mti huu uani kwake Kinyinya, kilimani kaskazini ya Kigali, ambako joto la Januari na la Julai hupitana kwa digrii moja au mbili tu, akifungua kitabu cha Ulaya ataagizwa angoje baridi isiyokuja kamwe.

Mzabibu ulifuatana na misheni katika sehemu hizi za bara, na sababu yake ni ya sheria kuliko ya ulimaji. Kanisa Katoliki halikubali katika Misa kinywaji kingine ila divai ya zabibu isiyoghushiwa. Kwa hiyo Mapadre Weupe, shirika lililoasisiwa Algiers na Askofu Lavigerie mwaka 1868, walipofungua misheni yao ya kwanza ya Rwanda huko Save mwezi wa Februari 1900, waliikuta nchi yenye urwagwa wa ndizi na ikigage cha mtama kwa wingi, vinywaji vya heshima katika ndoa na mapatano, walakini hapana hata kimoja kilichoweza kuwekwa altareni. Mapadre hao hawakuwa wageni wa kilimo hiki, kwa kuwa wenzao wa Maison-Carrée, karibu na Algiers, walikuwa na mashamba yao ya mizabibu. Lakini ardhi ya Aljeria ina mvua za msimu wa baridi na kiangazi kikavu, ambapo Kigali, mji ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, uko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,500 na hupokea mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, iliyogawanyika katika misimu miwili. Na mzabibu huchukia majani yaliyolowa kuliko uchukiavyo ukame.

Mahali palipoupokea mti huu kwa ukarimu palikuwa Ugogo, katikati ya Tanzania. Vitabu vingi vyautaja mwaka 1957 na misheni ya Bihawana, karibu na Dodoma, kuwa ndio mwanzo wa kilimo cha zabibu katika wilaya zile. Na baadaye kituo cha utafiti cha Makutupora kikawa chuo cha maarifa hayo, hata jina lake likapewa aina moja ya zabibu nyekundu ipandwayo huko. Dodoma hupata mvua kidogo kupita nusu ya ile ya Kigali, nayo hukatika mapema, kisha hufuata miezi mingi mikavu. Nionavyo mimi, hapo ndipo Afrika Mashariki ilipojifunza jambo kubwa kupita yote katika habari hii, nalo ni kwamba mahali pasipo na baridi ya kuulaza mti, mkasi wa mkulima ndio unaouanzishia mwaka. Mzabibu ukiachwa katika nchi ya joto hauangushi majani yake yote; huendelea kurefuka, macho ya ncha yakiyazuia ya chini yasichipue, mpaka mti ukawa kamba ndefu zenye matunda haba. Ukikatwa, macho yaliyobaki huamka pamoja baada ya siku chache, maua yakafuata, na katika miezi minne hivi vichala vikaiva; ndiyo sababu mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, ambapo wa Ulaya huvuna mara moja.

Tunda huzaliwa na chipukizi litokalo katika tawi la mwaka uliopita, wala si katika shina kongwe. Kwa hiyo apogoaye hubakiza vijiti vifupi vya tawi hilo, kila kimoja na macho mawili au matatu, akikata kwa mshazari juu kidogo ya jicho kwa chuma safi chenye makali. Mwenye huruma ya kuacha kila tawi huudhulumu mti wake, maana huutwika vichala usivyoweza kuvilisha.

Adui wa nchi ya mvua ni ubwiri vinyoya, maradhi yaliyotoka Amerika na kuonekana Ufaransa mwaka 1878, yakaitia hofu kaumu nzima ya walimaji. Huko Médoc wakulima walikuwa na desturi ya kuinyunyizia mizabibu ya kando ya njia mrututu na chokaa, ili wapita njia waogope sumu wasiibe. Mwanachuoni Millardet wa Bordeaux akaona kwamba mizabibu hiyo ndiyo iliyobaki na majani yake, akachunguza, na mwaka 1885 akaitangazia dunia dawa ambayo hata leo hutengenezwa kwa vitu vile vile viwili. Hila ya kumzuia mwizi ikawa kinga ya mashamba ya ulimwengu, na sioni katika tarehe yote ya mti huu habari ipendezayo kuliko hiyo.

Kinyinya yenyewe ilijulikana mbali kwa jambo lingine, kwani tangu miaka ya 1960 hata mwaka 2015 palisimama hapo milingoti ya redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, iliyorusha matangazo yake kuelekea pande nyingi za Afrika. Sasa kilima kinajaa nyumba, na nyumba zina nyua zinazotaka kivuli. Anayetaka kichanja cha mizabibu hapo na aifuate kalenda ya Wanyarwanda wenyewe, wanaoyagawa majira kuwa urugaryi (kiangazi kifupi), itumba (masika), icyi (kiangazi kirefu) na umuhindo (vuli). Kitabu cha Ulaya kitamwambia akate Februari; akitii, maua yatafunguka Aprili, katikati ya itumba, mvua iyaangushe na ubwiri uyale majani machanga. Bora angoje mpaka katikati ya Aprili, mvua ikikaribia kupungua, ili maua yatokee mwishoni mwa Mei, na vichala vikue katika ukavu wa icyi, akivimwagilia shinani bila kuyalowesha majani. Mwishoni mwa Agosti vitakuwa vimeiva, kabla umuhindo haujarudi na mawingu yake. Baada ya kuvuna na apunguze maji, aondoe majani yaliyougua ayachome, asiushurutishe mti kuzaa tena mwaka ule ule, ijapokuwa Dodoma hufanya hivyo, kwa maana zao la pili lingechanua wakati umuhindo umeshika nchi.